Nevrozi si wazimu



Neno la juma hili limetoka kwa wasomaji. Mama mmoja wa kikundi alirudi kutoka hopitali na karatasi yenye neno la Kifaransa, névrose, ambalo sisi tutaliandika nevrozi. Hakulielewa. Alipouliza nyumbani, kijana anayesoma alimjibu kwamba ni “wazimu mdogo”. Lile “mdogo” likapotea njiani, likabaki “wazimu”. Kabla juma halijaisha, mashemeji walikuwa wanamuuliza bwana wake kama kweli ataacha watoto wakae mikononi mwa mama wa namna hiyo. Wenzake wa kikundi wakatuandikia: neno hilo linasema nini hasa, na limetoka wapi?

Jibu la kwanza tunalitoa hapa hapa, ili asiyepata nafasi ya kusoma hadi mwisho asilikose: nevrozi si wazimu. Mwenye nevrozi anajua yeye ni nani. Anawajua watoto wake, anajua leo ni siku gani na bei ya unga sokoni. Zaidi ya hayo, anajua kwamba ndani yake kuna kitu hakiendi sawa. Ndiyo sababu alikwenda hopitali mwenyewe, kwa miguu yake. Jibu la pili ni refu kidogo, maana neno hili limesafiri sana kabla ya kufika kwetu.

Neno lilivyozaliwa

Katika Kigiriki cha zamani, neuron lilikuwa jina la ule mshipa mgumu unaoshika nyama kwenye mfupa, ambao kila mama aliyepika nyama ya ng'ombe anaujua. Lilikuwa pia jina la kamba ya upinde. Baadaye, wanganga waliochunguza mwili wa mtu waliona nyuzi nyeupe zinazotoka kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo, wakazipa jina hilo hilo. Ndiyo mishipa ya fahamu, inayotufanya tusikie moto mkononi na kuuondoa mkono haraka.

Mwaka 1769, munganga mmoja wa Scotland, William Cullen, mwalimu katika mji wa Edinburgh, alikuwa anapanga magonjwa yote kwa jamaa, kama mama anavyopanga mafungu yake sokoni: nyanya huku, vitunguu huku. Alikuta magonjwa mengi yasiyokuwa na homa wala kidonda kinachoonekana, lakini yanayovuruga jinsi mtu anavyosikia na anavyotembea. Hayo akayaweka katika kikapu kimoja na kuyatungia jina kutoka neuron. Basi mwanzoni neno lilikuwa na maana ya “ugonjwa wa mishipa ya fahamu”, si zaidi.

Na mkiangalia kikapu chake mtashangaa. Mlikuwamo kifafa, pumu, pepopunda, kifaduro, kisukari, hata kipindupindu. Wazimu wenyewe ulikuwamo pia, ule mkali kabisa. Kwa hiyo neno halikuzaliwa kwa kutaja ugonjwa mdogo, wala halikuzaliwa kwa kutaja ugonjwa wa akili peke yake.

Mwaka 1785, Philippe Pinel, munganga wa Ufaransa, alitafsiri kitabu cha Cullen, na Wafaransa wakapata névrose. Kwa njia ya Kifaransa likafika katika masomo ya wanganga wetu, na kutoka huko likaandikwa kwenye karatasi ya mama yetu.

Kikapu kilivyopungua

Kadiri wanganga walivyozidi kujifunza, ndivyo kikapu cha Cullen kilivyopungua. Kipindupindu kiliondoka walipokuta kijidudu chake katika maji machafu. Pepopunda iliondoka walipokuta kijidudu kinachoingia kwa njia ya kidonda. Kisukari kikapewa mahali pake. Mwishoni yalibaki magonjwa ambayo munganga akipima hakuti kitu kilichoharibika, lakini mgonjwa anateseka kweli: hofu isiyo na sababu, huzuni isiyoondoka, moyo unaokimbia, kichwa kinachobana, mikono inayonawa na kunawa tena.

Katika miaka ya 1840, huko kwa wasemao Kijerumani, neno jingine lilizaliwa: psikozi. Polepole maneno haya mawili yakagawana kazi. Psikozi likashika magonjwa ambayo mtu anapotea katika mambo yasiyokuwako: anasikia sauti za watu wasiokuwako, anaamini mambo ambayo hakuna anayeweza kumtoa ndani yake. Nevrozi likashika magonjwa ambayo mtu anateseka lakini bado yuko pamoja nasi. Hapo ndipo watu walipoanza kusema kwamba nevrozi ni “ndogo” na psikozi ni “kubwa”.

Nevrozi alikuwa na dada, na sisi wanawake tunapaswa kumjua: histeria. Jina lake linatoka katika neno la Kigiriki la tumbo la uzazi. Kwa miaka mingi sana mwanamke aliyelia, aliyezimia, aliyetetemeka au aliyepoteza sauti aliambiwa kwamba kosa liko katika tumbo lake la uzazi. Hakuna aliyemuuliza nyumbani kwake kunaendeleaje. Katika karne ya 19, munganga Jean-Martin Charcot, aliyefanya kazi katika hopitali ya Salpêtrière, Paris, alionyesha kwamba wanaume nao wanapata ugonjwa huo huo. Kama wanaume wanaupata, tumbo la uzazi linahusika vipi? Mwaka 1885 kijana kutoka Vienna, Sigmund Freud, alikwenda kusikiliza masomo yake. Aliporudi kwao akafundisha kwamba mateso haya yanatoka katika mambo ambayo mtu ameyafungia ndani, uchungu uliokosa mlango wa kutokea. Si yote aliyofundisha Freud yanayokubaliwa leo. Lakini jambo moja limebaki: mtu akipata wa kumsikiliza kweli, maneno yenyewe yanaweza kuwa dawa.

Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Askari walirudi kutoka mashimo ya vita bila jeraha lolote mwilini, lakini wanatetemeka, hawalali, wengine hawasemi tena. Wafaransa waliita hali hiyo nevrozi ya vita. Wengi wa askari hao waliitwa waoga. Sisi wa Kivu na Ituri, ambao tumelala porini na watoto mgongoni, hatuhitaji kufafanuliwa sana. Hapa kwetu watu wanasema mtu “ana trauma”, na hilo nalo ni neno la Kigiriki: maana yake ni jeraha.

Mwaka 1980, wanganga wa magonjwa ya akili wa Marekani waliandika upya kitabu chao cha kutambua magonjwa. Waliacha kuitumia nevrozi kama jina la jamaa ya magonjwa, maana lilikuwa limebeba mambo mengi mno. Kitabu hicho hicho kikaingiza kwa mara ya kwanza, kwa jina lake, ugonjwa unaofuata mambo ya kutisha, ndio ule tunaouita trauma. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake inayotumika tangu 2022, halina tena jamaa inayoitwa nevrozi. Kila ugonjwa unaitwa kwa jina lake: wasiwasi, sonona, hofu kuu, na mengine.

Kwa nini basi neno bado linaandikwa? Kwa sababu vitabu vya zamani bado vinafundisha, na mkono uliozoea neno hauliachi upesi. Kwa hiyo mama akikuta névrose kwenye karatasi yake asiogope, wala asiikunje na kuificha. Arudi kwa munganga na kumuuliza kwa heshima: “Nevrozi ya namna gani? Kwa jina la leo inaitwaje? Na tunafanya nini sasa?” Hiyo ni haki yake.

Mdogo kwa nani?

Tumesema wanganga waliita nevrozi “ndogo”. Hawakumaanisha kwamba uchungu wake ni mdogo. Walimaanisha kwamba mtu hajapotea.

Tuangalie mwenyewe anavyoishi. Anaamka saa nane ya usiku na moyo unakimbia kama aliyefukuzwa. Anafikiri pesa ya shule, anafikiri bwana aliyekwenda kwenye machimbo na haleti habari, anafikiri risasi alizosikia mwaka ule. Asubuhi kichwa kinauma, mgongo unauma, sombe haipiti kooni. Mtoto akilia kidogo anampiga, kisha analia yeye mwenyewe. Anakwenda kupimwa: anapewa dawa ya malaria, juma lijalo dawa ya tifoide, juma lingine dawa ya vidonda vya tumbo. Pesa ya likelemba inaishia kwenye vidonge, na ugonjwa uko pale pale, kwa sababu hakuna aliyemuuliza anavyolala na anavyowaza.

Haya yakiendelea kwa majuma na miezi, mama anaweza kufika mahali pa kutamani kufa. Huo si ugonjwa mdogo. Ndiyo maana neno “wazimu mdogo” lina hatari mbili. Wanaoshika “wazimu” wanamtenga mgonjwa. Wanaoshika “mdogo” wanamwambia ajikaze, wamama wote wana shida. Huku na huku, mgonjwa anabaki peke yake.

Maneno yetu wenyewe

Neno wazimu lina ukoo na mzimu, roho ya marehemu, na kuzimu, mahali wanapokwenda wafu. Shina hilo hilo liko katika muzimu wa Mashi na umuzimu wa Kinyarwanda. Kwa hiyo anayesema “ana wazimu” hajataja ugonjwa tu. Ametoa na hukumu ya asili yake: roho imemwingia. Na jamaa wakisikia hivyo hawatafuti munganga. Wanatafuta mufumu, au wanampeleka kwenye chumba cha maombi na kumwacha huko miezi.

Hatugombani na maombi. Wengi wetu tumesimama kwa maombi. Lakini maombi hayahitaji mnyororo, wala fimbo, wala kumnyima mtu chakula siku nyingi mfululizo hali ni mgonjwa na pengine ananyonyesha. Huko Paris, katika hopitali ya Bicêtre, wagonjwa wa akili walifungwa minyororo ya chuma hadi mwaka 1797. Aliyeiondoa ni Jean-Baptiste Pussin, na yeye hakuwa munganga. Alikuwa mtu aliyeingia hopitali hiyo kama mgonjwa, akapona, akabaki kuwalinda wengine. Katika Lubumbashi kituo cha magonjwa ya akili kinaitwa Joseph Guislain, jina la munganga wa Ghent, Ubelgiji, wa karne ya 19, aliyefundisha kwamba mgonjwa wa akili atunzwe kwa upole. Mnyororo uliachwa huko zaidi ya miaka 200 iliyopita. Sisi tusiurudishe kwa jina la Mungu.

Lakini lugha zetu zina maneno mengine, yasiyohukumu. Mama wa Bukavu akisema “nina mawazo mingi” au “ninawaza sana”, kila mtu anamwelewa na hakuna anayemkimbia. Kiswahili kina pia kusononeka, kuumia moyoni kwa huzuni, na kutoka hapo sonona, neno ambalo siku hizi linatumika kwa ule ugonjwa Wafaransa wanauita dépression.

Na si sisi peke yetu tunaosema “kuwaza sana”. Washona wa Zimbabwe wanasema kufungisisa. Katika Kishona kufunga ni kufikiri, msilichanganye na kufunga kwetu. Ukiongeza -isisa ni kufikiri kupita kiasi. Neno hilo la wamama wa vijijini lilisikilizwa na wanganga, na mwaka 2013 likaandikwa katika kile kitabu cha Wamarekani, kati ya majina ambayo watu wa dunia wanayapa mateso yao. Kitabu kilichoacha nevrozi kimepokea kufungisisa.

Wabibi na benchi

Zimbabwe hawakuishia kwenye neno. Mwaka 2006, munganga Dixon Chibanda alikosa wauguzi na vyumba vya kutibia watu katika mtaa wa Mbare, Harare. Alichopata ni wabibi 14 wa mtaa huo huo, wahudumu wa afya, na benchi la mbao nje ya kituo. Wabibi walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua shida zake. Hatua yao ya kwanza inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua mawazo. Mgonjwa anaeleza yote yanayomlemea. Kisha wanachagua pamoja shida moja tu, ile inayoweza kuguswa sasa, na kutafuta njia yake. Anarudi kueleza ilivyokwenda.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watu 573 wa vituo 24 vya Harare walifuatiliwa. Baada ya miezi 6, kati ya waliotunzwa kwa kawaida, karibu 50 kwa 100 walikuwa bado na sonona. Kati ya walioketi na wabibi, karibu 14 kwa 100. Na baada ya benchi, wagonjwa wanaunganishwa na wenzao katika kikundi kinachoitwa kushikana mikono pamoja. Wanasuka mifuko ya plastiki iliyotumika, wanauza, wanazungumza. Mnaona? Ni kikundi kama chenu.

Hata hapa kwetu imeonekana. Katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, wanawake waliotendewa ubakaji na waliobaki na mateso makali ya moyo walisaidiwa kwa namna mbili. Wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengine waliketi mara moja peke yao na msaidizi, kisha mara 11 katika kikundi, wakijifunza kuyachunguza mawazo yanayowatesa, kama lile la “kosa ni langu”. Waliowaongoza hawakuwa wanganga. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia, wale tunaowaita APS. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Miezi 6 baadaye, kati ya wale wa msaada wa mmoja mmoja, 42 kwa 100 walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi. Kati ya wale wa kikundi, 9 kwa 100.

Kikundi kifanye nini

Mwenzenu akija na karatasi kama ile, mambo machache yanatosha kuanza.

Msimwite kwa jina la ugonjwa. Ni Mama fulani, aliye mgonjwa. Kesho atapona na jina lake litabaki.

Msikilizeni bila kumkatiza na bila kuanza “hata mimi”. Muulizeni anavyolala, anavyokula, anachokiwaza usiku. Atakayoyasema yasitoke nje ya kikundi. Siri ikitoka mara moja tu, hakuna mwingine atakayefungua kinywa.

Chagueni pamoja naye shida moja, na msaada unaoshikika: kukaa na watoto asubuhi moja, kumpa zamu ya likelemba mapema, kumsindikiza kwenye kituo cha afya.

Kama kuna anayempiga au kumtisha nyumbani, hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Hakuna dawa ya wasiwasi inayoshinda fimbo ya kila usiku.

Zungumzeni na bwana na mashemeji, mkitumwa na mwenyewe. Waelezeni kwa maneno haya haya: hajapotea, anaumwa, na ugonjwa wake unatibika.

Na kuna wakati ambapo kikundi hakitoshi. Mkisikia mtu anasema anataka kujiua, msimwache peke yake na msingoje kesho. Mkiona mama aliyezaa karibuni halali kabisa, anasikia sauti, au anasema mambo ya kutisha juu ya mtoto wake, mpelekeni siku hiyo hiyo. Ni ugonjwa wa haraka, na unatibika. Anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna kituo ambacho jina lake ni zuri kwa Kiswahili, Tulizo Letu, Lubumbashi kuna Joseph Guislain, Kinshasa kuna CNPP. Kupita kwenye mlango wa SOSAME si aibu, kama vile kupita kwenye mlango wa materniti si aibu.

Ya kuzungumza kikundini juma hili

1. Katika lugha ya nyumbani kwenu, mnamwitaje mtu anayewaza sana hadi kuumwa? Neno hilo linamsaidia, au linamhukumu?

2. Kuna mama ambaye zamani alikuja kikundini na sasa haji tena? Nani atakwenda kumsalimia, na siku gani?

3. Mahali pa kuzungumza bila kusikiwa na wapitaji ni wapi hapa kwetu: chini ya mti upi, nyumba ya nani?

Tuandikieni maneno mtakayoyapata katika Mashi, Kinande, Kilega, Kifuliiru, Kibembe na lugha nyingine. Tutayapanga hapa juma lijalo.